Miezi Sita ya Salama

Iko hoja moja isemwayo na wenye elimu na wasio na elimu, nayo husemwa kwa sauti ya upole kana kwamba ni hekima. Husemwa hivi: Ugonjwa wa selimundu ni wa urithi. Mtoto huzaliwa nao, wala hauambukizwi, wala hauna dawa ya kuung'oa iliyo karibu nasi. Basi yafaa nini kumchoma kisigino mtoto mchanga ili apimwe damu, kisha kumrudisha mama yake nyumbani na huzuni ambayo ingaliweza kungoja? Mwacheni mama afurahi na mwanawe. Ugonjwa ukiwapo, utajidhihirisha wenyewe.

Nakusudia kukuonyesha, msomaji, ya kuwa hoja hii ni ya uongo, tena ni uongo unaoua. Sisemi kwamba waitoao ni watu wabaya. Aghalabu ni watu wenye huruma, na huruma yao ndiyo iwapotezayo. Lakini jambo hili si la kuamuliwa kwa huruma peke yake. Laamuliwa na damu, jinsi inavyofanyizwa na jinsi inavyobadilika katika miezi ya kwanza ya maisha, na mambo hayo leo yajulikana vizuri. Twende basi kwenye damu yenyewe.

Ndani ya uboho wa mifupa yako, wakati usomapo mstari huu, zafanyizwa chembe nyekundu zipatazo milioni mbili kwa kila sekunde moja. Kila chembe huishi siku 120 hivi, ikizunguka mwilini na kuchukua hewa ya oksijeni kutoka mapafuni hata penye haja. Chombo cha kuchukulia hewa hiyo ni protini iitwayo hemoglobini, na kila hemoglobini ya mtu mzima imeundwa kwa nyuzi nne, mbili za namna iitwayo alfa na mbili za namna iitwayo beta. Mwenye ugonjwa wa selimundu ana kosa katika uzi wa beta. Kosa lenyewe ni dogo mno. Katika ushanga wa chembechembe 146 zilizotungwa pamoja kuufanya uzi huo, moja tu, ile ya sita, imebadilishwa. Vernon Ingram aliligundua hilo huko Cambridge, Uingereza, mwaka 1956, miaka saba baada ya Linus Pauling na wenzake kuonyesha ya kuwa ugonjwa huu umo katika hemoglobini yenyewe.

Dogo ingawa ni dogo, matokeo yake ni makubwa. Hemoglobini hiyo ikiisha kuitoa oksijeni hushikamana na wenzake, ikajipanga kama fito ndani ya chembe, na chembe iliyokuwa laini na ya mviringo ikakazana na kupinda kama mundu. Ndiyo asili ya jina. James Herrick, daktari wa Chicago, aliziandika habari za chembe hizo za ajabu mwaka 1910, na watu wa Ulaya na Marekani huhesabu umri wa ugonjwa huu tangu mwaka huo, ingawa mama za Afrika walikuwa wakiuguza watoto wenye maumivu ya mifupa na macho ya manjano karne nyingi kabla Herrick hajazaliwa. Chembe ya mundu huziba mishipa midogo, na mahali palipozibwa huuma maumivu yasiyo na mfano. Tena haiishi siku 120. Huishi siku kumi hata 20 tu, na uboho hauwezi kulipa deni hilo, basi mgonjwa hupungukiwa damu siku zote.

Kuhusu urithi nitasema kwa ufupi, kwa kuwa mwalimu wako wa biolojia amekwisha kukufundisha au atakufundisha. Kila mtu ana jeni mbili za uzi wa beta, moja ametoa baba na moja ametoa mama. Mwenye jeni moja yenye kosa na moja nzima haugui, huitwa mbebaji. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba yao ina bahati moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Hesabu sasa wewe mwenyewe. Mahali ambapo mtu mmoja katika watano ni mbebaji, na watu huoana bila kuchagua kwa damu, ndoa moja katika 25 ni ya wabebaji wawili, na robo ya watoto wao ni wagonjwa. Maana yake ni mtoto mmoja katika kila 100. Hiyo ndiyo hesabu ya sehemu kadha wa kadha za Nyanza, za Magharibi na za Pwani. Na angalia jambo jingine katika hesabu hiyo: haiwezekani mtoto augue bila baba kutoa nusu ya kosa. Mume amfukuzaye mkewe kwa sababu amemzalia watoto wagonjwa, na mavyaa amwitaye mkaza mwanawe mwenye laana, wote wawili wameshindwa na hesabu ya kugawanya kwa mbili.

Hapa ndipo panapoanza jambo nililotaka kukueleza hasa. Mtoto mwenye selimundu hazaliwi akiugua. Huzaliwa mnono, analia kwa nguvu, ananyonya. Muuguzi humtazama, akamwona hana ila. Mama yake humchukua nyumbani, na miezi mitatu au minne hupita pasiwe na dalili hata moja. Kisha, karibu na mwezi wa sita, vidole vya mikono na miguu huvimba, homa huja, macho hugeuka rangi, na watu husema, Amerogwa. Maana juzi alikuwa mzima.

Kwa nini alikuwa mzima? Mwaka 1948 Janet Watson, daktari wa watoto huko Brooklyn, aliona ya kuwa chembe za watoto wachanga wenye ugonjwa huu hazipindi kama za watu wazima, akatoa shauri kwamba labda wanakingwa na hemoglobini ya namna nyingine waliyotoka nayo tumboni. Shauri lake lilikuwa sahihi. Mtoto aliye tumboni hatumii nyuzi za beta. Mwili wake huunda hemoglobini ya kijusi, yenye nyuzi za alfa na nyuzi nyingine ziitwazo gama, nazo hazina kosa. Baada ya kuzaliwa, gama hupungua na beta huongezeka, mwezi kwa mwezi, hata kufikia nusu mwaka karibu hemoglobini yote imekwisha kugeuka. Katika mtoto mzima badiliko hili hupita bila mtu kulijua. Katika mtoto wa selimundu ni kama kuondolewa ngao.

Swali la nani aiondoaye ngao hiyo liliwashughulisha wataalamu zaidi ya nusu karne. Mmoja wao ni Stuart Orkin, daktari na mchunguzi wa damu katika Chuo Kikuu cha Harvard na hospitali ya watoto ya Boston. Kazi yake ya maisha imekuwa kuuliza jinsi chembe moja ya asili iliyomo ubohoni inavyoweza kuzaa chembe za namna zote, nyekundu zichukuazo hewa, nyeupe zipiganazo na wadudu, na vigandishi vizuiavyo damu isimwagike; nani aiambiaye hii kuwa nyekundu na ile kuwa nyeupe. Mwaka 1989 yeye na wenzake waliipata jeni ya protini iitwayo GATA1. Protini hii hushika mahali maalumu katika uzi wa urithi na kuziamuru jeni za chembe nyekundu ziamke. Ikikosekana, chembe nyekundu hazikomai. Lilikuwa jambo kubwa, maana lilionyesha ya kuwa ukuaji wa damu huongozwa na protini za namna hiyo kama vile meli inavyoongozwa na nahodha.

Walakini GATA1 haikulijibu swali la ngao. Jibu lilianza kuonekana mwaka 2007, wakati daktari Swee Lay Thein na wenzake huko London walipochunguza watu ambao kwa asili yao hubaki na hemoglobini nyingi ya kijusi hata ukubwani, wakaona ya kuwa watu hao hutofautiana na wengine katika jeni iitwayo BCL11A. Mwaka uliofuata Orkin na mwanafunzi wake Vijay Sankaran walionyesha kazi ya jeni hiyo. BCL11A ni bawabu. Mtoto akiisha kuzaliwa, huja akasimama mlangoni pa jeni ya gama na kuufunga. Ukimpunguza nguvu bawabu huyu, mlango hufunguka, na hemoglobini ya kijusi hurudi. Mwaka 2011 watu wa maabara ya Orkin walimwondoa bawabu katika chembe nyekundu za panya wenye selimundu, na panya wakaacha kuugua. Mwaka 2013 walipata kipande cha uzi wa urithi kinachomwamsha bawabu katika chembe nyekundu peke yake, hata ikawezekana kumlaza hapo bila kumgusa mahali pengine mwilini ambapo kazi yake ni ya lazima. Mwaka 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha tiba iliyojengwa juu ya maarifa hayo: chembe za asili za mgonjwa hutolewa, kipande kile hukatwa, na chembe hurudishwa mwilini. Thein na Orkin walipewa tuzo ya Shaw mwaka 2024, nayo waliistahili.

Nimeieleza kazi hii kwa urefu, msomaji, kwa sababu yako magazeti yaliyoitangaza tiba hiyo kama kwamba mlango wa pepo umefunguliwa, na wako watu waliosoma magazeti hayo wakasema, Basi na tungoje. Hao ndio wanitiao hasira kuliko wale wa kwanza. Na tuitazame tiba hiyo kwa macho makavu. Huko Marekani bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi milioni 280 za Kenya, kwa mgonjwa mmoja. Kabla ya kurudishiwa chembe zake, mgonjwa hupewa dawa kali za kuufyeka uboho wa zamani, akalazwa wiki nyingi. Hayo yote huenda yakapungua ukali na bei kadiri miaka ipitavyo, natumaini yatapungua. Lakini liko sharti moja ambalo halikutajwa sana katika shangwe. Tiba hiyo ilipoidhinishwa, iliruhusiwa kwa wenye umri wa miaka 12 na zaidi. Mtoto wa Siaya au wa Kilifi aliyekufa kwa homa ya siku mbili akiwa na miezi 14 hakufika mlangoni pa tiba hiyo. Wataalamu walikadiria mwaka 2011 ya kuwa katika Afrika kusini mwa Sahara, watoto wenye ugonjwa huu wasiopata matunzo hufa utotoni wapatao 50 hata 90 katika kila 100. Ni tiba gani hiyo tuingojeayo makaburini?

Mimi nadhani somo kubwa la kazi ya Orkin kwetu sisi si ile tiba. Ni ile ngao. Kazi hiyo imetuthibitishia ya kuwa mtoto wa selimundu hupewa na maumbile muda wa salama, miezi ipatayo sita, ambamo ugonjwa umo lakini haujaanza kazi. Katika muda huo hakuna jicho la mama wala la daktari liwezalo kuuona. Tone la damu peke yake laweza. Asemaye, Ngoja utajidhihirisha wenyewe, asema, Ngoja ngao iondoke ndipo tutafute silaha.

Sasa watauliza: Silaha gani? Nanyi mwasema tiba ni ya matajiri. Hapa nawaomba wasome. Adui wa kwanza wa mtoto huyu si maumivu ya mifupa bali ni wadudu wa damu. Wengu, ambao ndio chujio la damu, huharibiwa na chembe za mundu mapema, aghalabu katika mwaka wa kwanza au wa pili, na ukiisha kuharibika, mdudu wa nimonia aingiaye damuni hukuta nyumba haina mlinzi. Mtoto aweza kuwa anacheza asubuhi, na usiku akafa. Mwaka 1986 madaktari wa Marekani walitangaza habari za jaribio walilolifanya kwa watoto 215 wenye selimundu walio chini ya miaka mitatu. Watoto 105 walipewa penisilini ya kumeza mara mbili kila siku. 110 walipewa vidonge visivyo na dawa. Katika wale waliokosa dawa, 13 walipatwa na wadudu wa nimonia damuni, na watatu wakafa. Katika wale waliopewa dawa, walipatwa wawili tu, na hakufa hata mmoja kwa wadudu hao. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake, maana haikuwa haki tena kuwanyima wengine dawa. Penisilini, msomaji! Dawa ya tangu zamani za babu yako, iliyo katika kila zahanati yenye dawa. Lakini yapasa ianzwe mtoto afikapo miezi miwili au mitatu, naye nani ataianza kwa mtoto aonekanaye mzima, asipojua?

Kabla ya mwaka 1986 hoja ya kwamba kupima ni bure ilikuwa na uzito wake. Baada ya mwaka huo, majimbo ya Marekani yaliianza desturi ya kumpima kila mtoto mchanga, moja baada ya jingine, hata kufikia mwaka 2006 yote yalikuwa yakipima. Kwetu yalizuka maneno mengine. Ilisemwa ati wadudu wa Afrika si wale wa Marekani, na kwamba penisilini haitafaa huku. Wachunguzi wa Kilifi waliyajibu maneno hayo mwaka 2009, baada ya kupima damu za watoto waliolazwa katika hospitali ya huko kwa miaka kumi. Waliona ya kuwa mdudu aongozaye katika damu za watoto wa selimundu ni yule yule wa nimonia, na kwamba hatari ya mtoto huyo kupatwa na wadudu wa damu ni zaidi ya mara 20 ya hatari ya mtoto mwingine. Jibu hilo lilitoka katika ardhi yetu wenyewe. Nani mwenye udhuru tena?

Iko na dawa ya pili, haidroksiyurea, ambayo huongeza hemoglobini ya kijusi. Yaani hufanya kwa kidonge, kwa sehemu, kazi ile ambayo Orkin na wafuasi wake waliifanya kwa mkasi wa jeni. Ilikubaliwa Marekani kwa wagonjwa wakubwa mwaka 1998, na kwa miaka mingi watu waliogopa kuwapa watoto wa Afrika, wakidhani malaria na utapiamlo vingeigeuza kuwa sumu. Jaribio lililofanywa Luanda, Kinshasa, Mbale na Kilifi kwa watoto 606, na kutangazwa mwaka 2019, lilionyesha kinyume. Maumivu yalipungua, haja ya kutiwa damu ilipungua, malaria ilipungua, na vifo vilipungua. Dawa hii yahitaji damu ya mtoto ipimwe mara kwa mara, sikatai. Lakini haihitaji milioni 280.

Kwa kuwa nimeitaja malaria, yafaa nikuondolee kosa moja lisemwalo hata na walimu. Anthony Allison, aliyelelewa karibu na Gilgil katika nchi hii, alirudi mwaka 1949 pamoja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford, akakusanya damu za watu wa makabila mengi. Aliona ya kuwa wabebaji ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa, na ni wachache mno milimani kwenye baridi, akafahamu kwamba wako wengi palipo na mbu. Mwaka 1953 Waluo 30 walikubali kwa hiari yao kutiwa malaria ili jambo hilo lihakikishwe. Katika 15 wasio wabebaji, 14 walipata vimelea. Katika 15 waliokuwa wabebaji, wawili tu. Allison aliyatangaza hayo mwaka 1954, na kila kitabu cha urithi duniani humtaja. Wale watu 30 hutajwa kwa hesabu tu. Sasa kosa lenyewe: wengine wakisikia habari hizi hudhani kwamba mgonjwa wa selimundu naye hapatwi na malaria. La hasha. Akingwaye ni mbebaji. Mgonjwa, ambaye damu yake ni haba tangu mwanzo, malaria humwua upesi kuliko mtu mwingine. Kwa hiyo chandarua na dawa ya kuzuia malaria ni sehemu ya matunzo yake, na haya nayo hayawezi kuanzwa na mtu asiyejua.

Nimeitaja habari ya Allison kwa sababu nyingine pia. Maarifa haya hatukuazimwa bure. Yalitoka katika damu za watu wa Ziwa na wa Pwani, na watoto wa Kilifi, tangu wale waliojaribiwa haidroksiyurea hata wale waliokufa wakati damu zao zikichunguzwa, wameyachangia. Ni aibu gani kwa nchi kutoa damu ya kufundishia dunia nzima, kisha watoto wake wakarudi nyumbani kutoka chumba cha uzazi bila kupimwa!

Watakuja watu wa mfuko wa serikali waseme fedha hazitoshi. Nawajibu kwa mambo wanayoyajua. Mtoto azaliwaye hospitalini Kenya huchanjwa chanjo ya kifua kikuu katika siku zake za kwanza. Basi mkono wa muuguzi umo, na sindano imo. Watoto wa mama wenye virusi vya UKIMWI huchukuliwa tone la damu, likakaushwa juu ya kadi ya karatasi, na kadi ikasafirishwa hata maabara. Basi njia imo. Jirani zetu wa Uganda walizichukua kadi za namna hiyo hiyo, zilizokwisha kutumika kwa UKIMWI, wakazipima upya kwa ajili ya selimundu. Tangu Februari 2014 hata Machi 2015 walipima watoto 97,631, wakaona ya kuwa 13.3 katika kila 100 ni wabebaji na 0.7 katika kila 100 ni wagonjwa, wilaya kwa wilaya, hata ikajulikana mahali pa kuanzia kazi. Hawakungoja kujenga nyumba mpya. Zaidi ya hayo, siku hizi viko vipimo vidogo vitoavyo jibu kwa dakika chache kando ya kitanda, bila umeme wala mtambo.

Hoja moja ya wapinzani naiheshimu. Wasema kwamba kipimo huweza kugeuka kuwa chapa, na kwamba msichana ajulikanaye kuwa mbebaji atakosa mchumba. Hofu hiyo si ya kubuni. Katika Marekani, miaka ya 1970, majimbo kadhaa yaliwalazimisha watu weusi kupimwa kwa sheria zilizotungwa kwa pupa, na wabebaji, watu wazima wasio na ugonjwa wowote, wakanyimwa kazi na bima. Kwa hiyo jibu la kipimo ni siri ya mtoto na wazazi wake, na muuguzi alitoaye lazima awe amefundishwa kueleza tofauti ya mbebaji na mgonjwa kwa lugha ya mama huyo, si kwa kumtupia karatasi. Lakini hofu hii yatufundisha namna ya kupima, haitufundishi kutopima. Na chapa iliyopo sasa, ile ya mchawi na mwenye laana, wameitia watu wasiopima kitu.

Tangu mwaka 2013, kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, zahanati na hospitali nyingi za nchi hii zimo mikononi mwa kaunti. Fedha zake hujadiliwa kila mwaka katika baraza la kaunti, na mwananchi ana haki ya kuhudhuria majadiliano hayo na kusema. Ikiwa wewe ni mwenyeji wa Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori, Busia, Kakamega, Kilifi au Kwale, mwakilishi wa wadi yako ana sehemu katika neno hili, ajue asijue. Mwulize ni watoto wangapi waliozaliwa katika wadi mwaka huu, na ni wangapi katika hao waliopimwa selimundu kabla ya kutoka hospitalini. Mwulize ni zahanati ipi yenye penisilini ya watoto leo, si mwezi ujao. Akikuambia kwamba kupima ni bure kwa kuwa ugonjwa hauna dawa, mwonyeshe hesabu za mwaka 1986, umngoje ajibu.